Safari ya mtumbwi porini: anza kuipanga nchi kavu

Mara ya kwanza nilipopanga safari ya mtumbwi ya siku tano, nilipima kilomita za maji tu. Ramani ilionyesha 80 hivi, nikazigawa kwa tano, nikapata 16 kwa siku, nikajiona fundi. Vile vistari vya nukta vinavyounganisha ziwa na ziwa sikuvitilia maanani. Vilikuwa kumi na kimoja, kirefu kuliko vyote mita 1,400, na kila kimoja kilikuwa na maana ya kushuka, kupakua, kujitwika mtumbwi na mizigo, kuvuka msitu kwa miguu, kisha kupakia upya. Tulikuwa na mtumbwi wa plastiki wa kilo 36 na mabegi saba yasiyofungika vizuri, sufuria zikining'inia nje. Jioni ya siku ya pili tulikuwa tumeshachelewa kwa siku nzima.

Tangu hapo, kabla sijawaza maji nawaza mabega. Kila kifaa kinachotaka kuingia safarini nakiuliza: utabebwa mara ngapi, umbali gani, na nani? Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa mtindo huo. Zinamfaa mtu anayejua kupiga kafi kiasi lakini hajawahi kulala porini akiwa na mtumbwi.

Hatua ya kwanza: jueni ninyi ni akina nani

Kabla ya kufungua ramani, kaeni pamoja mwulizane waziwazi. Nani anaweza kubeba kilo 20 kwa nusu saa bila kupumzika? Nani anaogelea? Nani ana goti bovu na hajasema? Mwendo wa kundi ni mwendo wa mtu aliyechoka kuliko wote, kwa hiyo ratiba ipangwe kwa ajili yake. Wanaosafiri mara ya kwanza wajiwekee siku tatu au nne, si kumi.

Ni vizuri pia kuwa na mitumbwi miwili badala ya mmoja. Mmoja ukipinduka, mwingine unaokoa. Mkiwa na mmoja tu, msikate ziwa kubwa katikati.

Hatua ya pili: soma ramani kwa uzi na kalamu

Tafuta ramani ya uwiano wa 1:50,000, ambayo sentimita 2 ni kilomita moja. Chukua uzi, ulaze kando ya ufuko mnakotarajia kupita, kisha upime uzi huo. Ukitumia rula utapata umbali wa ndege. Mtumbwi wenye mizigo haupiti kama ndege. Upepo ukiamka unafuata ufuko na kuzunguka kila rasi.

Kwa kalamu nyekundu weka alama kwenye vitu vinne: sehemu za kubeba, yaani zile njia za nchi kavu kati ya maji na maji, na urefu wake, mahali ambapo hakuna budi kukata maji mapana, maeneo ya kulala (pamoja na la akiba katikati ya kila siku), na mahali ambapo mnaweza kutoka mapema mtu akiumia. Hilo la nne husahaulika sana.

Ukisafiri Minnesota, Marekani, kwenye eneo la Boundary Waters lenye maziwa zaidi ya 1,000, utakuta urefu wa sehemu za kubeba umeandikwa kwa rodi, kipimo cha kale cha wapima ardhi. Rodi moja ni mita 5 na ushei, karibu urefu wa mtumbwi, na rodi 320 ni maili moja. Mtu akikwambia "rodi 200 tu", ujue anakupeleka kilomita moja.

Sasa hesabu, na hapa usiharakishe. Mtumbwi wenye mizigo kwenye maji tulivu huenda kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Nchi kavu, mwenye mzigo huenda kilomita 3 kwa saa, njia ikiwa nzuri. Lakini kilomita za nchi kavu huzaana. Mizigo ikibebwa kwa awamu moja, unatembea urefu wa njia mara moja. Ikihitaji awamu mbili, unatembea mara tatu: kwenda na mzigo, kurudi mikono mitupu, kwenda tena. Awamu tatu ni mara tano. Ile njia yetu ya mita 1,400, kwa mabegi yetu saba, ilitugeukia kilomita 7.

Chukua siku ya kawaida: kilomita 14 za maji, na sehemu tatu za kubeba zenye jumla ya kilomita 1.5, awamu mbili. Maji yatakula saa tatu na nusu. Kubeba ni kilomita 4.5, yaani saa moja na nusu. Kupakua na kupakia, dakika 20 kila sehemu, saa moja nyingine. Hizo ni saa sita, na hamjala, hamjapotea njia, wala upepo haujavuma. Siku hiyo imejaa. Kwa kila siku tano ongezeni moja isiyo na kazi. Upepo utaichukua, na usipoichukua mtalala.

Kwa mto kuna hesabu nyingine. Angalia mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi, inayokata mto, uone maji yanashuka mita ngapi kwa kila kilomita. Mto unaoshuka mita mbili au zaidi kwa kilomita utarajie maji ya kasi. Ila usiuamini wastani peke yake: mto unaweza kulala kilomita tisa kisha ukamwaga kimo chote kwenye poromoko moja. Maji ya kasi hupangwa kwa madaraja kuanzia I hadi VI. Mkiwa mbali na msaada, na mtumbwi umejaa, hesabuni kila daraja kuwa limepanda moja. Lililoandikwa II mlichukulie kama III. Kama huoni mwisho wa maji ya kasi ukiwa juu yake, shuka ukatazame kwa miguu.

Hatua ya tatu: ruhusa na majira

Maeneo mengi ya aina hii yana idadi maalumu ya makundi yanayoingia kwa siku, kwa hiyo ruhusa huombwa miezi kabla. Soma masharti yote, kwa kuwa yanabadilisha hata orodha ya vifaa. Boundary Waters, kwa mfano, kundi halizidi watu 9 na vyombo 4, na vyakula vya makopo na chupa haviruhusiwi. Hifadhi ya Algonquin, huko Ontario, Kanada, nayo inakataza makopo na chupa ndani ya pori.

Majira yachaguliwe kwa kuangalia joto la maji, si joto la hewa tu. Jua linaweza kuwaka huku ziwa likiwa bado na ubaridi wa barafu iliyoyeyuka juzi. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyetafiti miili ya watu kwenye maji baridi, aliliweka jambo hili kwa tarakimu tatu: 1-10-1. Ukitumbukia, una dakika 1 ya kutuliza pumzi zinazokupaa. Dakika 10 hivi ambazo mikono na miguu bado inakutii. Na saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Dakika kumi hizo ndizo zinazopanga safari. Ukizijua, huwezi kukata ghuba pana mwezi wa maji baridi kwa sababu tu njia ni fupi.

Hatua ya nne: chagua mtumbwi

Kwa watu wawili na mizigo ya wiki, tafuteni mtumbwi wa urefu wa mita 4.9 hadi 5.2. Mrefu unakwenda moja kwa moja na kubeba zaidi, mfupi unageuka upesi. Tumbo likiwa bapa kabisa, mtumbwi unatulia ukiwa umesimama lakini hauelewani na mawimbi. Lenye mviringo kidogo linatikisika ukiingia, kisha linakaa vizuri wimbi likija ubavuni. Utazame pia kwa pembeni: mkuku, yaani mstari wa chini wa mtumbwi, ulionyooka unafaa maziwa, uliopinda juu pande zote mbili unafaa mito.

Halafu uzito. Wa Kevlar, kitambaa cha nyuzi nyepesi na imara, huwa na kilo 18 hadi 20, ni raha begani, lakini hautaki kuburutwa juu ya mwamba. Wa alumini unafika kilo 30 na zaidi. Kampuni ya ndege Grumman ilianza kuitengeneza Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, na mingine ya zamani bado inaelea. Hauvunjiki kirahisi, ila unapiga kelele kama debe na hung'ang'ania jiwe. Wa poliethilini, yaani plastiki ya kawaida, unapita kilo 35 na unavumilia kila kipigo. Ukikuta uliotumika wa Royalex, plastiki ya tabaka kadhaa, ujue ni mzuri kwa mito ya mawe, ingawa nyenzo hiyo haitengenezwi tena.

Mimi naona hivi: mito ya mawe na njia chache za kubeba, chukua plastiki. Maziwa mengi na njia nyingi, chukua Kevlar hata kama ni wa kukodi. Ni heri kukodi mwepesi kwa siku tano kuliko kumiliki mzito kwa miaka kumi ukiwa huutoi nje. Na mtumbwi wowote utakaochukua, jaribu nira yake, yaani ile mbao ya katikati inayokaa mabegani. Iweke begani dukani palepale. Ikikuuma mfupa ndani ya dakika mbili, njiani itakuliza.

Hatua ya tano: makafi na majaketi

Kafi utalishika saa nyingi kuliko kitu kingine chochote, na bado watu hulichagua mwishoni. Kupima, kaa kwenye kiti kigumu, simamisha kafi kichwa chini, mshikio ukiwa kitini katikati ya mapaja. Pale mpini unapokutana na bapa panapaswa kufika usawa wa pua. Mpini ulionyooka ndio wa mito na wa kuongozea. Uliopinda nyuzi 12 hivi unafaa maziwa marefu, kwa sababu bapa linabaki wima mwishoni mwa kila pigo badala ya kunyanyua maji bure. Chukueni kafi moja la ziada kwa kila mtumbwi, lifungwe mahali ambapo mkono unafika mara moja.

Majaketi okozi huvaliwa, hayakaliwi. Nimeona mengi mno yakitumika kama mito ya makalio. Jaketi litoshee kiasi kwamba mtu akilivuta juu mabegani halipandi kufika masikioni. Funga filimbi kwenye zipu, na kisu kidogo mahali unapokifikia kwa mkono wowote. Kila mtumbwi uwe na kopo la kukumba maji na kamba inayoelea yenye urefu wa mita 15 au zaidi. Kanada kopo na kamba hiyo ni vya lazima kisheria, na mahali ambapo si sheria bado ni akili.

Hatua ya sita: fungasha kwa ajili ya bega

Lengo ni awamu mbili. Watu wawili, mtumbwi mmoja, mabegi matatu, basi. Awamu ya kwanza: mmoja anabeba mtumbwi, mwingine begi zito. Ya pili: kila mtu begi lake. Vitu vidogo vya mkononi ndivyo adui. Makafi, fimbo ya kuvulia, chupa, jaketi la mvua, kila kimoja kisipofungwa kitadai safari yake. Makafi yafungwe ndani ya mtumbwi kwa mpira, vingine viingie begini.

Begi la mtumbwi si begi la kupandia mlima. Ni pana, fupi, halina fremu, ili lilale chini ya mtumbwi bila kuchomoza. Umbo hilo ni la zamani: Camille Poirier wa Duluth, Minnesota, alipewa hataza ya begi lake mwaka 1882, na mabegi ya namna hiyo yanashonwa mpaka leo. Kwa chakula, pipa la plastiki la lita 60 lenye kifuniko cha pete ya chuma na mikanda ya mgongoni halina mpinzani. Haliingizi maji, halipondeki, na linazuia harufu kwa kiasi.

Kulinda nguo na fuko la kulalia, usitegemee begi lenyewe. Weka mfuko mnene wa plastiki ndani ya begi kabla ya kupanga kitu. Panga, ingia na magoti utoe hewa, sokota mdomo wa mfuko mpaka uwe mgumu kama kamba, ukunje chini, ufunge kwa mpira. Kisha ujaribu: tumbukiza begi zima majini kwa dakika tano. Maji yakiingia, ni afadhali uyaone ukiwa bado una jua la kuanikia.

Vya kambi sitavieleza sana. Hema linaloweza kusimama lenyewe ni bora, kwa kuwa sehemu nyingi za kulala ni mwamba na vigingi vya hema havishiki. Turubai la mita 3 kwa 3 lina kazi kuliko hema, maana mvua ya kutwa mnaipisha chini yake mkiwa mmekaa na kupika. Jiko dogo la gesi, hata kama mnapenda moto wa kuni. Kuni zilizolowa na makatazo ya moto havina taarifa. Utepe mpana wa gundi, uzisokote mita kadhaa kwenye mpini wa kafi. Dira, pamoja na ramani ya karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Viatu viwili: vya kulowa, ambavyo mtaingia navyo majini kila siku, na vikavu vya kambini visivyovaliwa kamwe kazini.

Chakula kikavu, gramu 700 hadi 900 kwa mtu kwa siku. Kifungashe kwa siku, kila mfuko na namba yake, ili mtu asile Ijumaa siku ya Jumanne. Maji ya kunywa yachemke dakika moja nzima, au tatu mkiwa juu ya mita 2,000. Vichujio vya kawaida vya mikroni 0.2 huzuia bakteria na giardia, kimelea cha tumbo, lakini virusi vinapita.

Hatua ya saba: pakia ukiwa majini

Mtumbwi uelee wote ndipo mpakie. Ukipakia ukiwa nusu juu ya jiwe, uzito wote unaulemea mkuku mahali pamoja, na wa Kevlar hutoa mlio ambao hutausahau. Vizito viwe chini kabisa na katikati. "Enda tezi na omo, marejeo ngamani", walisema wahenga (tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni chini tumboni), na ingawa hawakuwa wakifundisha kupakia, mizigo nayo makao yake ni huko. Kutoka maji hadi ukingo ibaki angalau sentimita 15.

Siku ya shwari, tezi iwe nzito kidogo kuliko omo. Upepo ukiwa wa mbele, sogeza begi moja mbele hadi omo izame zaidi. Mtumbwi utaelekea upepo wenyewe na anayeongoza atapumzika. Ukiwa wa nyuma, lirudishe. Ni sentimita chache tu za kusogeza begi, lakini mara nyingi ndizo zinazotenganisha mchana wa kazi na mchana wa vita.

Kunyanyua mtumbwi peke yako kunatisha mpaka ukufanye mara tatu. Simama katikati yake ukiutazama, magoti yamekunjwa. Shika ukingo wa karibu, uvute tumbo lake mpaka likae juu ya mapaja yako, uwazi ukitazama mbali nawe. Mkono mmoja uvuke ukashike ukingo wa mbali, mwingine ubaki kwenye wa karibu. Yumbisha mara moja, mara mbili, kisha usukume kwa goti huku ukiuzungusha juu na kuingiza kichwa chini yake. Nira inatua mabegani. Ukitua vizuri, omo inanyanyuka kidogo na unaiona njia. Mkiwa mmechoka, mwenzio anyanyue omo juu huku tezi ikiwa ardhini, wewe uingie chini kwa kutembea tu.

Hatua ya nane: saa za kusafiri

Ondokeni alfajiri. Upepo kwa kawaida huzidi kadiri jua linavyopanda na kutulia jioni, kwa hiyo maji mapana yakatwe kabla ya saa tatu asubuhi. Mawimbi yakianza kutoa povu vichwani, mtumbwi uliojaa hauna kazi katikati ya ziwa. Piteni upande wa demani, ule uliokingwa na upepo, au tueni ufukweni mkanywe chai. Radi ikifuata mmweko kwa chini ya sekunde 30, tokeni majini upesi, msirudi mpaka dakika 30 zipite tangu mngurumo wa mwisho.

Mkipinduka, shikeni mtumbwi. Kwenye mto kaeni upande wa juu yake, yaani mkondo uupige mtumbwi baada ya kuwapita ninyi. Aliye upande wa chini hubanwa kati ya mtumbwi na jiwe. Miti iliyoanguka majini ikwepeni kwa mbali, maana maji hupenya katikati ya matawi na mtu hapenyi.

Choo kichimbwe sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka majini. Vyombo navyo visioshwe ziwani.

Hatua ya tisa: acha karatasi, kisha fanyeni majaribio

Andika njia yenu, sehemu za kulala kwa kila usiku, rangi ya mtumbwi, idadi ya watu, na saa ambayo mtu akiwa hajasikia kutoka kwenu apige simu kuita waokoaji. Mpe mtu asiyesahau. Kama mna kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, mwonyesheni na ninyi wenyewe jifunzeni kukitumia, wote, si mwenye nacho peke yake.

Wiki moja kabla ya kuondoka, fungasheni kila kitu kama kweli. Bebeni mtumbwi na mabegi mita 500, rudini, chukueni yaliyobaki. Kisha nendeni kwenye maji ya kina cha kifua, jipindueni makusudi, na mjaribu kuutoa maji na kuurudia. Jioni hiyo mwageni vitu vyote sakafuni. Kitu ambacho hakuna aliyeweza kusema kitatumika siku gani kiondoke, isipokuwa kisanduku cha dawa, kafi la akiba na vifaa vya uokoaji. Sisi mara ya mwisho tulitoa kiti cha kukunja, sufuria ya tatu, shoka na vitabu vinne. Begi la tatu likafungika bila kupigwa goti, na njia ndefu kuliko zote ya safari ile, mita 900, tuliimaliza kabla chai iliyokuwa kwenye chupa haijapoa.